Ngata Tupu za Wepesini

Wasafiri wengi huleta habari za nchi walizozipenda. Hii ni habari ya nchi ambayo Sikudhani Mbelwa alitumwa akaipende, na barua ya kuisifu ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla hajafunga begi.

Alikuwa msimamizi wa mitambo katika kampuni moja ya maji. Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya jengo, na humo kompyuta kubwa za kampuni zilivuma kutwa kucha kama mzinga wa nyuki. Ndimo yalimokaa majina ya wateja, ramani za mabomba, barua za wakubwa, na miaka ya utumishi ya kila mfanyakazi hadi mfagizi. Dari lilivuja wakati wa masika. Panya waliwahi kutafuna nyaya, mji mzima ukapelekewa ankara za uongo. Hayo yote yalikuwa kweli na Sikudhani hakuwahi kuyakana. Kwa hiyo wakurugenzi walipoamua kwamba kazi za ofisi zihamishwe zote, zikakae kwenye mitambo ya watu wengine walioko mbali, kwa ule mtindo unaoitwa wingu, walikuwa na hoja. Kilichowakera ni kwamba yeye alikuwa na swali, na wafanyakazi walikuwa na tabia ya kumsikiliza. Aliuliza kikaoni: likinyamaza, tutamwuliza nani? Mkurugenzi Mkuu, Bwana Kisanji, akacheka kwa upole. Akasema mama huyu bado anatafuta ndoo ya kukingia dari wakati wenzake wamekwisha kuhama nyumba. Ndipo ikaamuliwa atumwe Wepesini, nchi ya mfano, iliyohamisha kila kitu zamani, akaone kwa macho yake.

Kuambiwa nenda ukaone kwa macho yako! Wenye kumbukumbu ndefu wanalijua neno hilo. Watu walipewa ziara kama hizo walipotakiwa wang'oe mihogo wapande maua ya kuuza mbali. Waliorudi waliyasifu maua, na njaa ilipokuja watu wakala hizo sifa.

Wepesini iko chini ya mlima ambao kilele chake hakionekani, kwa sababu ya wingu linalokaa pale mwaka mzima. Jambo la kwanza lililomshangaza Sikudhani ni vichwa. Kila mtu mzima, mke kwa mume, alivaa ngata, ile pete ya nguo au majani yaliyosokotwa ambayo mchukuzi huweka utosini kabla ya kutwikwa mzigo. Lakini hakuna aliyekuwa na mzigo. Ngata za watu wa kawaida zilikuwa za majani makavu ya mgomba, za makarani zilikuwa za pamba, na za wakubwa zilikuwa za hariri yenye tarizi. Na zote zilikuwa tupu. Kuonekana na kitu juu ya ngata ilikuwa aibu, sawa na kuonekana uchi. Hata salamu yao ilikuwa hiyo. Mmoja husema, "Umeutua?" na mwenziwe hujibu, "Nimeutua, sihisi kitu."

Mwenyeji wake alikuwa Mheshimiwa Pongwa, Mkuu wa Idara ya Wepesi, mtu mrefu mwenye viganja laini na subira nyingi. Yeye ndiye aliyemweleza asili ya mambo. Zamani, alisema, kila ofisi ya Wepesini ilikuwa na chumba chake cha kumbukumbu, na kila chumba kilikuwa na mchwa wake, moshi wake, na mtunzaji mlevi wake. Mashamba yalipotea kwa sababu mtunzaji kaugua. Ndugu walikatana mapanga kwa sababu vyumba viwili vilisema maneno mawili. Ndipo wakaja Watunzaji wa Kileleni, watu wenye adabu, wakasema: tueni mizigo, tutaibeba sisi. Basi wakapandisha majina, mipaka, hukumu, ndoa, vizazi na vifo. Vyumba vya zamani vikabomolewa, na mahali pake pakawekwa bustani zenye viti vya kupumzikia. Kila ukuta wa mji ukatobolewa kinywa cha udongo. Ukitaka kujua lolote, uliza kinywa kilicho karibu nawe, na sauti itakujibu kutoka juu.

Sikudhani alijaribu. Akainamia kinywa cha ukutani kwenye nyumba ya wageni, akauliza mipaka ya kiwanja kile. Kabla hajainuka jibu likaja, kamili, kwa sauti isiyo na haraka wala hasira. Akauliza tena kwenye soko, kisha kisimani, kisha njiani, na kila mahali jibu lilikuwa moja. Lazima isemwe kweli: alivutiwa. Alikumbuka mikesha yake chini ya dari linalovuja, akajiambia huenda ubishi wake ulikuwa uzee tu.

Kisha Pongwa akamweleza Sheria ya Kauli Moja. Kwa kuwa ugomvi wote wa zamani ulitokana na kumbukumbu mbili, Wepesini imekataza ya pili. Jambo lililokwisha kupandishwa, ni Kilele peke yake kinachoruhusiwa kulisema. Raia akilitaja kutoka kichwani mwake, hata akilitaja sawasawa, ametenda kosa la kukumbuka, na adhabu yake ni kuvuliwa ngata hadharani. Sikudhani akauliza, na akilitaja sawasawa, kosa liko wapi? Pongwa akamtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeuliza mbona mbingu haianguki. Akasema usahihi haukuwa tatizo la zamani. Tatizo lilikuwa watu kujiona wanajua.

Siku iliyofuata akampeleka soko la chini, kwa kinyozi.

Kinyozi huyo aliitwa Mzee Kiluwa. Alikuwa na kiti kimoja cha miguu mitatu, na binti yake, Mwatima, mwanamke wa makamo mwenye ulimi mkali kuliko nyembe alizozinoa, alikaa pembeni kwenye jiwe la kunolea. Aliyekuwa kitini asubuhi ile alikuwa Hakimu Sengo, hakimu mkuu wa nchi, ngata yake ya hariri ikiwa magotini. Vichwa vya wakubwa vyote vilipita pale. Vya wadogo pia.

"Karibu, mgeni," Mzee Kiluwa akasema bila kuinua uso. "Ni nani jina?"

Sikudhani akamtajia. Naye akataja lake, na Pongwa akakohoa.

"Mwache akohoe," Mwatima akasema. "Jina la baba liko juu, lakini mdomo wake bado uko chini."

Hakimu akacheka, kichwa kikatikisika, na mzee akamgonga shavuni kwa mgongo wa wembe kama anavyogongwa mtoto. Akamwambia atulie, maana kovu la utotoni liko hapo kisogoni, na yeye hakukiuliza kinywa chochote, vidole vyake vinalijua. Vidole havikupandishwa.

Alipomaliza, Sikudhani aliona jambo. Nyuma ya sikio la kushoto mzee aliacha ufito mwembamba wa nywele, uliopinda kama ukucha. Akauliza ni urembo gani huo. Mzee akasema si urembo. Vinyozi wa Wepesini tangu mababu kila mmoja huacha alama yake, isiyoigwa na mwingine, ili mtu akikatwa au akipata upele, lawama ijue njia ya kurudi nyumbani. "Kazi isiyo na alama ya mwenyewe," akasema, "ukiumia utamlilia nani?" Pongwa akasema desturi hiyo iko katika hatua za mwisho za kuondolewa.

Asubuhi moja vinywa vikanyamaza.

Mwanzoni watu walidhani ni kinywa cha mtaa wao. Mwanamke aliyekuwa akiuliza zamu yake ya kisima akaenda kuuliza ukuta wa pili, kisha wa tatu, akakuta foleni ya watu wanaouliza kama yeye. Hakuna aliyepiga kelele. Waliendelea kusalimiana, umeutua, nimeutua, lakini sasa walikuwa wakitazama mlima. Kisha mpiga mbiu wa serikali akapita na pembe yake akitangaza kwamba huduma zote za Kilele ni shwari. Sikudhani akamkimbilia, akamwuliza amezipata wapi habari hizo. Mtu yule, naye hakuwa mtu mbaya, akaeleza kwamba tangazo lake hulipata kinywani kila alfajiri, na kinywa kikiwa kimya, kanuni inamtaka arudie la jana.

Na asubuhi hiyo hiyo Mzee Kiluwa alianguka kando ya kiti chake, wembe mkononi, akafa.

Wepesini joto lake halina adabu. Maiti huzikwa kabla jua halijageuka. Na hazikwi mpaka Kilele kiseme ni nani, mtoto wa nani, na alale makaburi gani. Asiyethibitishwa huvushwa ng'ambo ya korongo, akafukiwa bila jina wala dua, na juu yake hupandwa nyasi ili mahali pasitafutwe tena. Mwatima aliinamia kinywa cha soko akauliza kuhusu baba yake. Akauliza tena. Kisha akajifuta mikono, akawaacha wanawake wa soko na maiti, akaenda barazani. Sikudhani akamfuata.

Baraza la Wepesini lilikuwa limeketi tangu vinywa viliponyamaza, na lilikuwa katikati ya mjadala. Swali lilikuwa namna ya kukiuliza Kilele kwa nini hakijibu. Mjumbe mmoja alipendekeza usomwe Mkataba, ambamo bila shaka mliandikwa la kufanya siku kama hiyo. Likasifiwa sana shauri hilo, hadi mtu akauliza Mkataba uko wapi, ikabainika kwamba ulipandishwa juu kwa usalama. Mwingine akasema basi apelekwe mjumbe kwa miguu. Njia ya kupanda mlima, ikajibiwa, na neno la kufungulia lango lake, vyote vilipandishwa siku mwongozaji wa mwisho alipostaafu. Mwongozaji huyo alikuwa hai. Alikuwa ameketi pale pale, safu ya nyuma, na baraza zima lilikuwa likijitahidi lisimtazame, maana kumwuliza kungekuwa kumshawishi atende kosa la kukumbuka. Walikuwa wamefunga mlango na ufunguo umo ndani, na aliyejua dirisha lililo wazi alikatazwa kulinyoshea kidole. Mwishowe Pongwa akatoa hoja iliyopita kwa kauli moja: ukimya wa Kilele uhesabiwe kuwa ni jibu ambalo bado linaandaliwa.

Ndipo Mwatima akasimama mbele yao, akasema anaomba ruhusa ya kumzika baba yake kwenye makaburi ya soko, kando ya mama yake.

Hakimu Sengo akainama juu ya meza. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, na huo ndio ubaya wa hadithi hii: hapakuwa na katili hata mmoja katika chumba kile.

"Marehemu ni nani?" akauliza.

"Ni baba yangu."

"Hilo ndilo tunalokiuliza Kilele."

"Mheshimiwa," Mwatima akasema, "hicho kipara umekiokota wapi?"

Kicheko kikatoka safu za nyuma, kikafa njiani. Hakimu akagusa ngata yake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye kama Sengo ana mengi moyoni, lakini yeye kama hakimu hana alijualo, na kwamba sheria haikutungwa kumwumiza yeye Mwatima, ilitungwa ili watu wasiumizane. Akamshauri asubiri. Mwatima akamwuliza asubiri nini, jua lirudi nyuma? Basi, akasema hakimu, upo utaratibu wa asiyethibitishwa. Maneno "ng'ambo ya korongo" hakuyatamka, lakini kila mtu aliyasikia.

Sikudhani hakuwa ametumwa kusema. Bwana Kisanji alimtuma kuangalia na kusifu. Lakini alisimama akasema kwamba yeye ni mgeni, hajapandisha kitu chochote mlimani, kwa hiyo sheria haimfungi, na mzee yule alimtajia jina lake kwa mdomo wake, tena mbele ya hakimu. Analijua. Yuko tayari kulisema na kuliapia.

Baraza likasisimka. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama mlango umepatikana. Kisha Pongwa akainuka, taratibu, akauliza shahidi ni nani.

"Unanijua, Mheshimiwa. Kila asubuhi unaniamkia kwa jina."

"Jina lako lilipandishwa siku ulipoingia, mama. Kwa sasa nawe hujulikani." Akaongeza, kana kwamba anampa pole, "Sisi sote hatujulikani kwa sasa. Ni kitambo tu."

Sikudhani akaketi. Alijihisi mwili umekuwa mwepesi, mwepesi wa kutisha, kama ule wa mtu aliyekosa ngazi moja gizani.

Mwatima hakuketi. Alitazama vichwa vilivyokuwa mbele yake, kimoja baada ya kingine, kama anavyovitazama mtu aliyekulia chini ya kiti cha kinyozi.

"Kusema mmekatazwa," akasema. "Kuvua je?"

Wakatazamana. Hakuna aliyeweza kusema kumekatazwa, maana sheria yenyewe ilikuwa juu.

"Basi aliyenyolewa na baba yangu avue ngata, ageuze kichwa."

Hakuna aliyetikisika. Mpiga mbiu alisikika mbali akitangaza shwari. Kisha mwongozaji wa zamani wa mlima, yule ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama, akainua mikono miwili, akavua ngata yake ya mgomba, akageuza shingo. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na ule ufito uliopinda kama ukucha. Akafuata karani aliyekuwa mbele yake. Akafuata mjumbe aliyeulizia Mkataba. Ngata zikawa zinatua magotini kwa sauti ndogo kama matunda yanavyodondoka, za mgomba, za pamba, hata za hariri, na vichwa vikawa vinageuka, na kila kichwa kilikuwa na alama ile ile ya mkono ule ule. Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyevunja sheria. Walikaa tu, wazi, wakimshuhudia mtu.

Pongwa alikuwa amefumba macho. Hakimu Sengo hakuvua. Alikuwa ameishika ngata yake kwa viganja viwili, ameibana kichwani kama mtu aliye kwenye upepo mkali, na machozi yalikuwa yakimtoka.

Mwatima akamtazama kwa muda. Kisha akawaambia wengine, "Haya. Twendeni mkambebe."

Hapo ndipo Sikudhani alipoona nchi hiyo ilikuwa imepoteza nini. Sokoni walilizunguka jeneza la mbao ambamo wanawake walikuwa wamemlaza mzee, wasijue waanzie wapi. Mmoja alilishika kama sinia. Wawili waligombana kichwa kiwe mbele au miguu. Mwongozaji wa zamani akawaambia magoti kwanza, kisha mgongo, kisha shingo. Na kila mmoja arudishe ngata utosini, maana ndiyo kazi yake. Wakarudisha. Jeneza likapanda juu ya vichwa, na ngata za Wepesini zikapata mzigo, wa kwanza tangu wengi wao kuzaliwa. Shingo zilitetemeka. Karani mmoja alisema kwa mshangao, karibu kwa furaha, "Kumbe ni mzito," na hakuna aliyemcheka. Watu walitoka majumbani wakawaona wakubwa wao wamebeba. Wengine walificha nyuso za watoto. Wengine walijiunga nyuma.

Kaburini Mwatima alilitaja jina la baba yake, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita chakula kimeiva. Kisha akataja la babu yake. Sauti za nyuma zikayarudia majina hayo, chache, halafu nyingi. Hilo lilikuwa kosa, na wote walilijua.

Walikuwa wananawa udongo vinywa vilipoamka. Kuta zote za mji zikasema kwa pamoja, zikijibu maswali yote yaliyolundikana, na katikati ya mipaka ya mashamba na zamu za visima, sauti ile isiyo na haraka ikasema kutoka ukuta wa makaburi:

"Kiluwa, kinyozi wa soko la chini. Yu hai. Asante kwa kuuliza."

Kwa hiyo Mwatima alishtakiwa kwa kumzika mtu aliye hai.

Shauri lilisikilizwa kesho yake, na Sikudhani alikuwepo. Mpiga mbiu alikuwa ametangaza kwamba, kwa kauli ya Kilele, hapakuwahi kuwa na ukimya. Hakimu Sengo alisoma mashtaka bila kuinua macho. Akamwuliza mshtakiwa ana la kusema. Mwatima alikuwa amekuja na kiti cha miguu mitatu. Akakiweka katikati ya baraza, juu yake akaweka wembe.

"Sina ubishi na Kilele," akasema. "Kama yu hai, mwiteni aje awanyoe."

Shauri likaahirishwa, na halijaitwa tena. Kumtia hatiani ilibidi kaburi lifukuliwe, na kufukua kungeonyesha aliyelala ni maiti, na hakuna wa kuuambia mlima kwamba umekosea, maana njia ya kuuambia bado iko mlimani. Wala nafasi ya kinyozi haikuweza kupewa mwingine. Mwenye nayo, kwa kauli moja, yu hai. Wasafiri waliopita huko baadaye wanasema nywele za wakubwa wa Wepesini zimekuwa vichaka. Ngata za hariri haziketi tena sawasawa. Huteleza zikaanguka, na wenyewe huziokota, wakazirudisha, wakaulizana kama wameutua.

Siku ya kuondoka, Mwatima alimpa Sikudhani ngata yake mwenyewe, ya majani ya mgomba, iliyobonyea upande mmoja na yenye doa la udongo. Ilikuwa imelibeba jeneza. "Chukua," akasema. "Hii ilifanya kazi."

Bwana Kisanji na wakurugenzi wenzake walimpokea vizuri. Alisimama mbele yao akaeleza yote, kuanzia uzuri wa majibu hadi kaburi, bila kuongeza chumvi. Akasema yeye hakatai wingu. Dari linavuja, anajua. Anachokataa ni kuutua mzigo kisha kubomoa njia ya kuurudia na kuwafunga midomo wanaokumbuka. Nguo ya kuazima, akasema, haistiri matako. Aliomba jambo moja: nakala ya kumbukumbu ibaki nyumbani, mikononi mwa watu wenye majina, na siku mlima ukisema uongo, mfanyakazi anayejua kweli aruhusiwe kuisema.

Walimsikiliza hadi mwisho. Mkurugenzi mmoja aliguswa kiasi cha kuvua miwani. Kisha Bwana Kisanji akaeleza kwamba mkataba ulikwisha kutiwa saini mama akiwa safarini, kazi zote zimekwisha kuhamishwa, na chumba cha chini kitakuwa mahali pa wafanyakazi kupumzika, penye viti. Hata hivyo ombi la Bi Sikudhani lilikuwa la busara. Likakubaliwa bila kupingwa, likaandikwa katika kumbukumbu za mkutano, na kumbukumbu za mkutano, kama kumbukumbu zote sasa, zikapandishwa juu.

Alishuka chini. Chumba kilikuwa kimya. Mitambo ilikuwa imeng'olewa, imerundikwa kando ya mlango, na mlinzi wa lango alikuwa na hati ya wakubwa inayosema ni taka, aichukue anayetaka. Sikudhani aliitafuta kompyuta moja, ya zamani kuliko zote, ile yenye miaka ya utumishi ya wafanyakazi tangu kampuni ianze: nani aliingia lini, nani aliumia kazini, nani anastahili nini siku ya kustaafu. Ng'ambo ya barabara, kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi, alikuwa ameshaagiza meza iandaliwe, watu wakae wasubiri, na waje na majina yao midomoni.

Akaitoa ngata ya mgomba kwenye begi, akaiweka utosini, upande uliobonyea ukakaa kana kwamba ulimpima. Akapiga magoti.

"Nitwike," akamwambia mlinzi.

Mlinzi akamtwika. Magoti kwanza, kisha mgongo, kisha shingo. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Alipofika sebuleni penye milango ya vioo, shingo ikimtetemeka, Bwana Kisanji alikuwa akitoka kwenye lifti na wageni.

"Bi Sikudhani," akasema, kwa huruma ya kweli, "mzigo wote huo wa nini? Utue, mama."

"Bado," akasema. "Sijafika."

Akapita.